Kadi Iko Mjini, Wewe Uko Kate

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakwenda Sumbawanga, lazima akutanie mambo ya uchawi. Jina lenyewe, wenyeji watakwambia, maana yake ni "tupa uchawi", yaani ukifika huku uache ya kwenu. Siku hizi utani umebadilika. Ukitaja Rukwa mtu anakumbuka zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Na si maneno ya kijiweni tu: taarifa za robo mwaka za TCRA za 2023 na 2024 ziliutaja mkoa huu, pamoja na Morogoro, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Wafipa walio wengi, watu wa jembe na mahindi yao, wanabebeshwa jina la wajanja wachache. Hawastahili kabisa!

Haya, tuuache mji tupande Kate. Ni wilaya ya Nkasi, juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Magharibi ardhi inaporomoka hadi Ziwa Tanganyika, mashariki hadi Ziwa Rukwa, na katikati ni upepo na anga tupu. Mwezi wa sita na wa saba baridi yake si ya mchezo. Kama mmekwenda wawili blanketi moja halitoshi, au linatosha sana, inategemea mmeamkaje siku hiyo. Kuna misheni kongwe ya Wakatoliki, nyumba za matofali ya kuchoma, mashamba ya mahindi, maharage na ulezi. Angalia shambani utaona matuta ya mviringo yaliyojipanga kama vichuguu. Hizo ni ntumba, kilimo cha asili cha Wafipa: nyasi zinafukiwa ndani zioze, ndiyo mbolea yenyewe. Uwandani humu yamebaki pia matanuri marefu ya udongo ambamo mababu waliyeyusha chuma. Mezani omba mgebuka kutoka ziwani. Utanishukuru.

Usichokipata kirahisi ni ATM. Kwa mgeni wa siku mbili hilo ni usumbufu mdogo, unabeba keshi basi. Lakini fikiria mwalimu au nesi aliyepangiwa kazi huku, mshahara unaingia benki kila mwezi na mashine ya kuutolea iko mbali. Anafanyaje? Kadi inasafiri peke yake. Anampa mwenza wake anayekaa mjini, au mwalimu mwenzake anayeshuka Ijumaa, na namba ya siri anamnong'oneza sikioni. Wengine kadi zao ziko kwa wakopeshaji wa mtaani, wale wa "kausha damu", ambao wamezoea kushika kadi na namba ya siri kama rehani. Mtu wa Kate akikwambia "kadi yangu iko mjini" wala hashtuki. Ni jambo la kawaida kama kuagiza sukari.

Na kati ya wapendanao ni zaidi ya kawaida, ni ushahidi wa mapenzi! "Kama unanipenda mbona hunipi namba ya siri?" Nani hajawahi kuisikia hiyo?

Sasa chukulia pochi ya huyo mke imechomolewa stendi ya Sumbawanga. Ndani kuna kadi ya mumewe na kikaratasi chenye tarakimu nne. Mpaka mume aliyeko Kate apate habari, pengine simu haina chaji au mtandao umegoma, hela imeshatolewa mara tatu, na kila mara benki imekata na ada yake ya kutolea. Anapokwenda kulalamika swali la kwanza haliwi juu ya mwizi. Anaulizwa: kadi ilikuwa kwa nani? Namba ya siri ilijulikanaje? Mkataba wa akaunti ile, ambao wengi tunausaini bila kuusoma, kwa kawaida unasema namba ya siri ni ya mwenye akaunti peke yake. Haumtaji mke wala mume. Ule ushahidi wa mapenzi umegeuka ushahidi wa benki.

Hapo wengi wanakata tamaa na kurudi kijijini wamenuniana. Mimi nasema bado mapema. Kauli kwamba "namba sahihi ilitumika" si mwisho wa maneno. Kadi inaweza kunakiliwa, jicho la mtu wa nyuma yako linaweza kuona vidole vyako, na hata ukiwa ulizembea, hela iliyotoka baada ya wewe kutoa taarifa ni hoja nyingine kabisa. Ndiyo maana saa ni kila kitu. Wamarekani wana sheria ya mwaka 1978 inayopima hata kwa siku: ukiripoti ndani ya siku mbili za kazi tangu ujue kadi imepotea, hasara yako haizidi dola 50, ukichelewa inaweza kupanda hadi dola 500, na ukipitisha siku 60 tangu utumiwe taarifa ya akaunti, inaweza kuwa kubwa zaidi.

Kwetu cha kwanza ni kupiga simu benki kadi ifungwe, hata kama ni kwa kuazima simu ya jirani. Andika saa uliyopiga na namba ya malalamiko uliyopewa. Kisha polisi, upate RB. Kisha barua au fomu ya benki, ukiambatanisha taarifa ya akaunti, na kila muamala unaoukana umetajwa kwa tarehe, saa na mahali. Dai na yale makato ya ada, maana muamala si wako, iweje ada iwe yako? Omba pia picha za kamera ya ATM zihifadhiwe mapema, hazikai milele. Kama hela imeliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, waambie waipeleke pingamizi kupitia Visa au Mastercard.

Wakikuzungusha au jibu likikuumiza, Benki Kuu ina dawati la malalamiko, na tangu 2019 zipo kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Ila lazima uwe umeanza na benki yako kwanza, kwa maandishi. Tawi la Benki Kuu kwa kanda hii ya nyanda za juu liko Mbeya, si pua na mdomo kutoka Kate, kwa hiyo kila karatasi iliyogongwa muhuri itunze kama cheti cha ndoa.

Na kama namba ya siri ulimpa mwenza wako, kwenye fomu andika hivyo hivyo. Usijitie hujui. Kamera ya ATM ilishamwona mwezi uliopita, na mwezi wa juzi, akitoa mshahara wako.