Pikapu ya Issuna: Itengenezwe au Iachwe?

Ukitoka Dodoma kwenda Singida, barabara hushuka kwanza hadi nchi tambarare ya Bahi, kwenye joto na majaruba ya mpunga. Baada ya hapo hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Gari lililochoka huumbuka kwenye kupanda huko. Kutoka Manyoni hadi Singida mjini ni kama kilometa 120, na Issuna iko katika njia hiyo, ndani ya Wilaya ya Ikungi iliyomegwa kutoka Singida Vijijini mwaka 2012.

Miaka ya 1990 njia hii ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Wasafiri wengi wa Dar es Salaam waliokwenda Mwanza kwa basi walizunguka kupitia Nairobi. Leo ni lami tupu. Mabasi ya Kanda ya Ziwa na malori ya Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana.

Kando ya lami, Singida ni ileile. Kuna mawe makubwa yaliyopandana kama yamepangwa na mikono ya majitu, mashamba ya mtama, uwele na alizeti, na hapa na pale nyumba ya tembe yenye paa bapa la udongo, kama walivyojenga Wanyaturu tangu zamani. Barabarani akina mama huuza kuku wa kienyeji, vitunguu, na mafuta ya alizeti kwenye madumu.

Nilifika Issuna mwezi wa Juni, wakati wa kupura alizeti, pamoja na akina mama wenzangu wa kanisani. Tulikuwa na semina ya siku tatu juu ya afya ya mama na mtoto. Mwenyeji wangu alinipokea vizuri kwa uji wa uwele na kuku. Lakini uani, chini ya mwarobaini, kulikuwa na pikapu kuukuu yenye umri uliozidi miaka 25, boneti wazi, na juu yake neno ambalo lilikuwa limewagawa watu wa nyumba ile kwa mwezi mzima: itengenezwe au iachwe?

Kazi ya gari lile

Ndugu msomaji, usiseme kwamba hilo ni jambo la wanaume. Pikapu ile ilibeba magunia ya alizeti kwenda mashineni, mapipa ya maji wakati wa kiangazi, na jeneza la jirani. Zaidi ya mara moja ilibeba mama mwenye uchungu usiku kwenda hospitali. Baba wa nyumba aliinunua kwa jasho lake na alisema, "Gari hili limetulea." Mama naye alikuwa na binti aliyekuwa akisubiri karo ya chuo. Fedha iliyokuwapo ilikuwa moja tu.

"Dada nesi," mwenyeji wangu aliniambia tukiwa jikoni, "mzee akitoa fedha ile kwa injini, mtoto atakaa nyumbani mwaka mzima. Nikikataa, nitaonekana nimeua gari la watu wote."

Kupima kwanza, dawa baadaye

Katika kazi yetu ya uuguzi, mgonjwa mwenye homa hupimwa damu kabla ya kupewa dawa ya malaria. Gari nalo ni hivyo. Pikapu ile ilikuwa imebadilishwa gasketi ya hedi mara mbili bila mtu kuuliza kwa nini inaungua.

Safari hii walimwita fundi kutoka Singida mjini. Alianza na dalili ambazo hata mama wa nyumbani anaweza kuziona. Maji ya rejeta yakipungua na hakuna mahali yanapovuja, na moshi mweupe ukitoka hata injini ikiwa imepata moto, maji yanaingia kwenye silinda. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua. Mlio wa kugonga chini ya injini mara nyingi ni beringi, na gari la namna hiyo lizimwe mara moja.

Kisha akapima kompresheni, silinda moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa chini. Akatia oili kidogo ndani ya silinda hizo na kupima tena. Kipimo kingepanda, lawama ingekuwa ya ringi zilizolika. Hakikupanda, kwa hiyo akajua kwamba tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi. Alipofungua, akaweka rula ya chuma juu ya hedi na mwanga ukapita chini yake. Hedi ilikuwa imepinda kwa kuchemsha. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kama bandeji juu ya jipu.

Alieleza pia kwamba katika nyanda hizi, zenye mwinuko wa mita kama 1500, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, mapema kuliko pwani. Mfuniko mzima wa rejeta hubana mvuke na kuzuia maji yasichemke upesi. Ukilegea, kitu hicho kidogo kinaweza kuiua injini nzima.

Hedi ingeweza kusawazishwa kwa mashine. Mzee akafurahi. Lakini fundi yule, kwa uaminifu wake, aliingia pia chini ya gari na nyundo ndogo. Chesisi ilikuwa imeliwa na kutu hadi nyundo ikatoboa mahali pawili, nyuma ya kabini. "Mzee wangu," alisema, "injini naweza kuifufua. Lakini nitaifunga kwenye gari litakalokatika siku likiwa na watu."

Nyumba ya pili

Siku ya pili ya semina nilipelekwa kwa jirani mwenye pikapu ya umri uleule. Nayo iliwahi kutoa moshi mweupe. Lakini yeye aliizima mara tu ilipoanza kuchemka, akaivuta kwa trekta hadi nyumbani. Chesisi yake ilikuwa nzima na giaboksi nzuri. Alisawazisha hedi, akabadilisha gasketi, pampu ya maji na mfuniko wa rejeta kwa wakati mmoja. Wakati wa ziara yetu ilikuwa ikibeba alizeti.

Kwa hiyo umri peke yake hausemi neno. Kabla ya kutoa fedha, baba na mama wakae pamoja na karatasi na kujiuliza:

1. Ugonjwa umepimwa, au tunabahatisha?
2. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na spea, fundi, oili na kulivuta gari? Mwombeni fundi aandike.
3. Likipona, litauzwa kwa bei gani? Matengenezo yakikaribia bei hiyo, simameni.
4. Chesisi, breki, usukani na giaboksi ni vizima? Injini nzima kwenye gari bovu haifai.
5. Litaingiza nini kwa mwaka, na fedha hiyo inasubiriwa na nani mwingine nyumbani?

Ipo pia njia ya kununua injini ya mtumba kutoka Japani. Hiyo inafaa pale ambapo gari lenyewe ni zima. Isikieni ikinguruma kabla ya kulipa.

Na wagonjwa je?

Hili ndilo lililomwumiza mzee: nani atawabeba akina mama usiku? Tulilizungumza kwenye semina. Tangu mwaka 2022 mpango wa m-mama umezinduliwa kitaifa. Mama mjamzito au aliyejifungua, au mtoto mchanga, akipata dharura, piga 115 bila malipo. Ambulansi isipopatikana karibu, huitwa dereva wa jamii aliyeandikishwa, na mpango humlipa. Jirani yule mwenye pikapu nzima aliamua kwenda kuulizia namna ya kujiandikisha. Mzee aliposikia hivyo, bega lake lilishuka.

Waliamua kuiuza pikapu kwa vipande. Giaboksi, matairi, stata na milango vilipata wanunuzi, kwa maana spea huleta fedha kuliko chuma chakavu kinachopimwa kwa kilo. Ekseli ya nyuma na bodi havikuuzwa. Seremala wa kijiji alivigeuza mkokoteni wa kuvutwa na ng'ombe. Sehemu kubwa ya akiba ya matengenezo ikawa karo.

Gari bovu uani

Kama muuguzi siwezi kumaliza bila onyo. Kamwe usifungue mfuniko wa rejeta yenye moto, maana mvuke wake huunguza uso. Mtu akiungua, mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Usimpake dawa ya meno wala mafuta. Betri ina risasi na tindikali, usiiache watoto waichezee. Oili chafu isimwagwe karibu na kisima. Matairi yenye maji ya mvua huzalisha mbu wa homa ya dengi. Milango ifungwe, kwa sababu mtoto akijifungia ndani wakati wa jua anaweza kufa.

Gari likiuzwa zima, hakikisheni kadi imebadilishwa jina TRA, la sivyo makosa ya mnunuzi barabarani yatakufuata wewe.

Akina mama wenzangu, gari hununuliwa liihudumie nyumba. Likianza kuila nyumba, mume na mke waseme wazi, bila kulaumiana, wakiwa na vipimo mkononi. Likistahili kutengenezwa, litengenezwe lote. Lisipostahili, mliage kwa shukrani na kutumia vipande vyake kwa hekima.