Pazia la Stara na Mvuke wa Dawa



Sisi ni wanawake watatu tunaosuka na kutengeneza nywele katika chumba kimoja cha kupanga, Majengo, mjini Moshi. Wengi hudhani kazi yetu ni kukaa kivulini na kupokea fedha. Kwa kuwa wapo akina mama wanaotaka mabinti zao wajifunze ufundi huu, tumeona tuzieleze gharama zake.

Ya kwanza ni ya mwili. Misuko midogo ya kichwa kimoja huchukua saa tano au sita, na msusi husimama karibu muda wote huo. Usiku miguu huvimba, vidole navyo hukataa kukunjika. Kisha ipo dawa ya kulainisha nywele. Kwa kuwa wateja wetu huvua mitandio, tulifunga dirisha la barabarani na kutundika pazia zito mlangoni. Stara ikapatikana, lakini mvuke wa dawa ukakosa pa kutokea. Mmoja wetu alikohoa miezi mitatu ndipo tulipotanabahi, tukatoboa dirisha upande wa uani kwa fedha zetu. Wala hofu hiyo si yetu peke yetu: mwaka 2010 wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulichapisha tathmini inayoiweka kazi ya saluni miongoni mwa zile ambazo yamkini husababisha saratani.

Ya pili ni ya fedha. Kodi ya miezi sita hudaiwa kwa mkupuo. Desemba, watu warudipo mlimani kwa sikukuu zao, na Shawwal yenye harusi, hatupati hata nafasi ya kula. Lakini Juni na Julai, baridi ya mlima ishukapo, huweza kupita siku nzima bila mteja.

Ya tatu ndiyo nzito. Faida kubwa iko katika kuunganisha nywele, na hadithi sahihi zimemlaani mwenye kuunganisha na mwenye kuunganishwa. Tulimwendea ustadhi wetu. Akatufahamisha kuwa katika nywele za binadamu katazo liko wazi. Ama nyuzi nyingine, wanazuoni wamekhitilafiana, na kujiepusha na shaka ni salama zaidi. Tukaacha vyote.

Julai hiyo hiyo alikuja bibi harusi na ndugu zake wanne, wakitaka kuunganishwa. Tukawaeleza kwa upole. Wakainuka, wakaenda duka la pili. Tuliuza draya ili kukamilisha kodi. Hatusemi haya kujisifu: siku ile tulinung'unika, na mmoja wetu alilia.

Tangu hapo baadhi ya wateja wametukimbia, wengine wametufuata kwa sababu hiyo hiyo. Tunachowaomba dada zetu ni kimoja: mkisukwa, lipeni siku hiyo hiyo. Udugu wetu usiwe sababu ya kukopa jasho letu. Nanyi wazazi, mleteni binti, lakini mleteni akijua.

Allah aturuzuku cha halali, na atubarikie kidogo chetu. Amin.