Sikio la Mtoto

Sikio ni mlango wa lugha. Mtoto husikia kwanza, ndipo aseme. Asiyesikia hubaki mgeni katika nyumba ya wazazi wake, isipokuwa afunguliwe mlango mwingine. Kwa hiyo uziwi wa mtoto wapasa kujulikana mapema, na asili yake yapasa kuelezwa kwa haki.

Katika Kaptembwo, mtaa wa Nakuru wenye wapangaji wengi, habari ya chumba kimoja haikawii kufika chumba cha pili. Mtoto akichelewa kusema, hukumu ya majirani hutangulia vipimo vya daktari. Nimesikia mama akishutumiwa kuwa ameleta laana, ijapokuwa katika ukoo wake hapakuwa na kiziwi hata mmoja. Shutuma hiyo ni dhuluma, na mzazi wake ni ujinga.

Kila mtu hupokea jeni zake jozi jozi, moja kwa baba na moja kwa mama. Mara nyingi, moja ikiwa na hitilafu, nzima hufanya kazi ya zote mbili, na mtu husikia vyema bila kujua alichobeba. Wawili wenye hitilafu ya jeni ile ile wakioana, katika kila mimba pana uwezekano wa 1 kwa 4 kwamba mtoto atarithi hitilafu pande zote mbili. Hapo baba na mama wamechangia sawasawa, wala hapana wa kumnyoshea mwenziwe kidole.

Mwaka 1997 wataalamu walithibitisha kuwa hitilafu za jeni iitwayo GJB2 huleta uziwi. Hizo ni sababu kubwa katika Ulaya, na ndizo zilizoonekana katika Adamorobe, kijiji cha Ghana ambako uziwi umerithiwa kwa vizazi vingi. Lakini watoto viziwi wa Kenya walipochunguzwa, hitilafu zilizoenea Ulaya zilikuwa adimu. Jeni zinazoweza kuleta uziwi ni zaidi ya 100. Kipimo kilichoshonwa kwa mwili wa wengine hakitutoshi. Tena si kila uziwi ni wa kurithi: homa ya uti wa mgongo, surua na manjano makali ya mtoto mchanga huweza kuuleta.

Wako wagongao sufuria nyuma ya mtoto, naye akigeuka hufurahi. Furaha hiyo yaweza kudanganya, maana huenda ameona kivuli au amehisi mtikisiko. Kipimo bora ni kidude kidogo kinachotiwa sikioni na kutoa sauti. Sikio zima hurudisha mwangwi hafifu, na mashine huunasa. Mtoto wa siku chache aweza kupimwa akiwa usingizini. Shauri la wataalamu ni kwamba apimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, uziwi uthibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6.

Samaki mkunje angali mbichi. Katika Adamorobe hata wasikiao wengi hujua lugha ya ishara ya kijiji. Kwetu, Nakuru ina shule ya viziwi ya Ngala, na Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mlango wa pili upo. Asiyejua sababu ya uziwi na aache kulaumu. Ajuaye na ampeleke mtoto akapimwe, kwa kuwa miaka ya kujifunza lugha ni michache, nayo haimngoji mtu.