Mikoba Minane ya Mama

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ndiyo sababu niliihesabu mikoba niliyoachiwa na marehemu mama yangu. Ilikuwa minane. Mama alikuwa mshonaji, akialikwa arusi nyingi, na kila viatu alivitafutia mkoba wake. Mimi ni mwalimu hapa Kigali. Kila asubuhi napanda pikipiki nikiwa na madaftari 40 ya watoto.

Niliuuliza kila mkoba: kazi yako kwangu ni nini? Ule mweusi wa ngozi una ukanda mrefu unaopita kifuani, nayo mikono hubaki huru; nikauweka. Nikaweka na kikapu cha mkonge, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, na sokoni lazima nende. Wa tatu ni mdogo, wa shanga, hauingii hata daftari moja. Huo niliuweka kwa sababu ndani yake bado mna harufu ya mama.

Mitano iliyosalia niliwagawia mama wadogo na binamu zangu. Ngozi ikifungiwa kabatini huota ukungu, afadhali ibebwe. Basi nawashauri nanyi mpime vitu vyenu kwa kazi mnazozifanya. Mimi nikimwona mama mdogo akipita Jumapili na mkoba ule wa kahawia, nafurahi kana kwamba mama mwenyewe yu njiani.