Kamba Kwanza, Kisha Tunapanda

Wamama, tulitoka Kasongo kwenda Kabambare kwa lori lisilo na kuta: magunia ya mchele, mapipa ya mawese, na sisi juu. Si mahali petu, lakini gari lingine hakuna. Barabara ni ya udongo, mvua imeichimba. Kwenye mteremko pipa likaanza kucheza, kando ya mama mwenye mtoto mgongoni. Tukapiga kelele mpaka shofere akasimama.

Pipa la lita 200 likijaa hufika karibu kilo 200. Turubai haliwezi kulizuia. Msaidizi akalikinga kwa mbao pande zote, akapitisha kamba mbili kwa kukingamana, akazikaza kwa fimbo. Kilomita chache mbele zililegea tena, maana mzigo hujikalia ukitikiswa. Tukamsimamisha. Shofere akanuna, lakini kamba zikakazwa. Mtoto alilala hadi Kabambare.