Waliposema Hapa Panatosha

Basi la Masasi tulilipanda Mbagala kabla hakujapambazuka, na kwa bahati nikapata siti ya dirishani. Jirani yangu alikuwa mama wa makamo, ndoo mbili za plastiki katikati ya miguu yake, na kabla hatujavuka Kongowe alishaniuliza naenda kwa nani. Hakuuliza ninakwenda wapi. Aliuliza kwa nani. Nikamjibu siendi kwa mtu, naenda kutembea tu. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, umefiwa?"

Sikuwa nimefiwa. Nilikuwa nimechoshwa na kuta. Dirisha la chumba changu mjini linatazamana na ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba akikaanga kitunguu mimi ndiye ninayepiga chafya. Tuna misikiti miwili na kanisa la walokole, vyote vina vipaza sauti, vyote vipya. Mimi ni Mwislamu, sina ugomvi na adhana wala na anayeomba kwa sauti. Ila kwa muda mrefu nimetamani kuisikia adhana ikitoka mbali, ikivuka mashamba kwanza, inifikie imepungua kidogo.

Mama hakuridhika na maelezo hayo, lakini alinipa muhogo wa kuchemsha.

Tulivuka Rufiji jua limeshachomoza vizuri. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, linakaribia urefu wa kilomita moja, na basi lililipita upesi hata kijana wa siti ya mbele hakuinua macho kwenye simu. Mama ndiye aliyenionyesha upande kilikokuwa kivuko cha Ndundu. Alisema mto ukifura walikuwa wakilala pale foleni na watoto, wakinunua maji ya kunywa huku maji yote yale yako mbele yao. Kwake yeye uhuru wa Mkoa wa Lindi una tarehe mbili, na ya pili ni siku ile daraja lilipofunguliwa. Sikumbishia.

Nangurukuru tukaiacha njia ya Kilwa mkono wa kushoto. Kilwa Kivinje, wasomaji wanajua, ndiyo iliyokuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa katika pwani hii ya kusini karne ya kumi na tisa. Watu waliletwa kwa miguu kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakapakiwa majahazini kwenda Unguja na kwingineko. Lindi nayo ilikuwa na sehemu yake. Katika ukoo wetu wa Lindi yupo bibi mmoja, mama wa babu wa babu, ambaye tunalijua jina lake la Kiislamu na basi. Baba yake hatajwi, kijiji hakitajwi. Nilipokuwa mdogo nikiuliza, nilitumwa dukani.

Kwa hiyo Mnazi Mmoja, pale basi linapoupa mgongo upande wa bahari na kushika njia ya Mtama, nilijikuta nimekaa wima. Kuanzia hapo tunakwenda walikotoka wale waliopakiwa majahazini.

Masasi sikuichagua kwa ramani. Niliichagua kwa sababu ya kisa kimoja cha mwaka 1876 ambacho hakinitoki kichwani.

Mnamo Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini kufunga soko si kufunga biashara, na manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi baharini. Waliookolewa walishushwa Unguja, na baadhi yao wakakabidhiwa kwa wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, waliowapa makazi katika shamba la Mbweni. Walikuwa huru sasa. Walikuwa na kibanda, kipande cha kulima, na kengele ya kuwaita kwenye sala. Mbele yao bahari, na kwao kulikuwa ng'ambo ya bahari hiyo na mwendo wa siku nyingi juu yake. Uhuru wa namna hiyo naufahamu kidogo. Mlango hauna kufuli, lakini ukitoka huna pa kwenda.

Askofu wao alikuwa Edward Steere, yule yule aliyekusanya hadithi za Waswahili wa Unguja na kuzichapisha mwaka 1870. Alikusudia kufungua njia ya kwenda Nyasa, na akaona awachukue baadhi ya mateka hao wa zamani, awarudishe bara. Oktoba 1876 walivuka hadi Lindi, hamsini na kitu, wanaume kwa wanawake, kisha wakashika njia kwa miguu. Walipofika Masasi wakakuta maji, udongo mzuri na majabali makubwa. Nyasa bado ilikuwa mbali sana. Wengi wao walijiona wameshafika kwao, au karibu na kwao kiasi cha kutosha. Wakabaki.

Vitabu vya misheni huitaja Masasi kama kazi ya askofu. Mimi nasoma hapo jambo jingine. Watu hawa walikuwa wamekamatwa, wakapelekwa, wakauzwa, wakapelekwa, wakaokolewa, wakapelekwa tena. Hata huko kurudishwa ilikuwa ni kupelekwa. Kisha siku moja wakatua mizigo, wakasema hapa panatosha, na safari nzima, askofu na vitabu vyake, ikasimama kwa ajili yao. Uhuru wao mimi nauhesabu kuanzia siku hiyo, wala sijali jahazi lilikamatwa lini.

Haikuwa pepo. Mwaka 1882 Wangoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, na baadhi ya watu waliokuwa wameshawekwa huru mara moja wakachukuliwa tena. Wamisionari wakahamia Newala. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, misheni ya Masasi ilichomwa moto. Watu wakarudi, wakajenga.

Nilikuwa nawaza hayo basi lilipopita Nyangao, kisha Ndanda, mahali ambapo miteremko ya Makonde inakaa karibu sana na barabara. Halafu pakafunguka. Kwa mtu aliyezoea dirisha kama langu, ni kama kuvuliwa kiatu kinachobana. Tambarare inakwenda, na katikati yake majabali yamechomoza yenyewe, peke yake, bila milima ya kuyasindikiza, meusi kwa michirizi ya mvua za miaka. Mama akaniambia nifumbe mdomo, vumbi linaingia.

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, msimu wa korosho. Stendi ya Masasi yenyewe ilinukia mabibo. Asubuhi yake nikapanda jabali la Mtandi na kijana wa bodaboda aliyeniomba nimlipe kwanza, maana wageni wakishaona mandhari huwa wanasahau deni. Jiwe lilikuwa limeanza kuchemka saa mbili asubuhi. Mjusi wa kichwa cha buluu alikuwa akipiga pushapu kwenye ukingo, na chini yetu mikorosho ilijipanga hadi macho yakachoka. Upande wa kusini hakukuwa na ukuta, hakukuwa na paa, palikuwa na ukungu wa moshi wa mashamba yaliyochomwa, na ndani ya ukungu huo, mahali fulani, mto Ruvuma na Msumbiji. Nilitaka kusema neno la shukrani, nikakuta nimesoma Fatiha. Kijana akangoja nimalize, akafanya ishara ya msalaba, tukateremka.

Nchi hii imepokea wengi wenye shida ya uhuru. Wapiganaji wa FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi jirani tu, Nachingwea. Trevor Huddleston, padri aliyepigana na ubaguzi Sophiatown, Afrika Kusini, alikuwa askofu hapa Masasi tangu 1960 hadi 1968.

Lakini niliyetaka kumwona hakuwa askofu. Nilielekezwa kwa mzee mmoja anayekaa nje kidogo ya mji, ng'ambo ya kanisa kuu la mawe la Mtandi, ambaye watu walisema ukoo wake ni wa "wale wa kwanza." Nilimkuta na mkewe chini ya mkorosho. Bibi alikuwa akitenga korosho na mabibo: bibo mkono wa kushoto, korosho kwenye vidole vya kulia, anaizungusha mara moja inakatika, korosho kwenye ungo, bibo kwenye ndoo. Hakuwa akitazama mikono yake. Kanga yake ilikuwa na madoa ya kahawia kuanzia magotini kushuka. Utomvu wa bibo ukishaingia kwenye nguo hautoki.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa hapo, usikae huku, utachafuka."

Nilimweleza kilichonileta. Akasikiliza, akatafuna, akatema.

"Bibi yetu aliyekuja na Wazungu hakuwa Mmakua. Hakuwa Myao. Hakuwa Mmwera. Alichukuliwa mdogo, hakujua kwao ni wapi. Watu wanasema walirudi kwao. Wengine sawa. Yeye alirudi wapi?"

"Sasa kwa nini alibaki?"

"Alichoka kutembea. Akapaona pazuri." Akacheka. "Akasema hapa ndipo kwetu, na kuanzia siku hiyo pakawa kwetu. Wewe unatafuta sababu kubwa."

Nikamwambia habari ya bibi yetu wa Lindi, yule asiye na baba. Hilo silisimulii kwa watu, sijui kwa nini nilimsimulia yeye. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza amezikwa wapi. Nikasema makaburi ya ukoo, Lindi, na kila tukisoma hitma anatajwa. "Basi yupo kwenye orodha," akasema. "Wa kwetu yupo kwenye kitabu cha ubatizo." Nadhani alikuwa amelifikia jambo ambalo mimi nimelizunguka miaka. Mtu aliyefutiwa ukoo anahitaji mahali pa kuandikwa upya, awe na wa kumtaja akifa. Mmoja aliandikwa kwa maji, mwingine kwa shahada. Kubishana nani aliokolewa zaidi ni kazi ya watu walioshiba.

Yeye mwenyewe alipitishwa kwenye jando la kanisa, mtindo uliowekwa na Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoanzishwa 1926: kambi ya porini ile ile, ngariba yule yule, nyimbo zikiongezewa sala. "Kisu hakina dini," alisema, na mkewe akamkemea kwa kuzungumza mambo hayo mbele ya mgeni.

Jua lilipoinama nikamwuliza, nusu utani, kama naweza kupata heka mbili huku, mahali pa wazi, mbali na watu.

"Mahali pa wazi? Kila mkorosho unaouona una mwenyewe. Pengine ardhi ni yangu, mti ni wa shemeji." Akanionyesha kwa kidole bonde dogo nyuma ya nyumba, lenye majani makavu na kichuguu. "Pale ndipo pasipo na mti. Mwaka wa kwanza utapanda mbaazi. Utakwenda serikali ya kijiji, watakuandikia. Na jirani yako nitakuwa mimi, napita pale kila asubuhi, na mimi huongea."

Nikauliza bei. Akataja. Nikasema ni ghali. Akasema mimi ndiye niliyetaka mbali na watu, na mbali ni ghali.

Tuliachana bila kupatana, kwa sababu bibi aliingilia kati. Yeye hamwuzii ardhi mwanamume aliyekuja peke yake. Nirudi Juni, mvua zikishaisha, nije na mke wangu, naye apaone kwanza.