Asizuiwe Mtu kwa Deni la Zaka



Juma hili twapenda kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo wengi hulizungumza kwa sauti ya chini, nalo ni michango ya Kanisa na nafasi ya mtu maskini katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo.

Mwayafahamu maisha yetu hapa Igamba. Wengi wetu ni wakulima wa mahindi, maharage na kahawa. Fedha huonekana baada ya mavuno, na miezi ya mvua ni miezi ya jembe na mifuko mitupu. Hata hivyo, tulizoea kuruhusu majina ya waliokamilisha zaka yasomwe mwishoni mwa Misa. Wasiotoa hatukuwataja, na tulidhani kwamba twawatia moyo. Kumbe asiyetajwa naye alikuwa ametajwa.

Tuliling'amua hilo siku tulipokwenda na katekista kumtembelea mama mmoja mjane, aliyekuwa kitandani kwa majuma mengi bila sisi kupata habari. Tulimwuliza, "Mama, mbona hukutuma mtu kutuita?" Akajibu, "Nisamehe, Baba. Nilikuwa nangoja malipo ya kahawa. Nilisema nimalize kwanza deni la jumuiya, ndipo nitume mtu kwako."

Tulikosa la kusema. Mgonjwa alikuwa akiahirisha Mpako Mtakatifu kana kwamba ni bidhaa ya dukani. Hakuna aliyepata kumhubiria hivyo. Alijifunza kwa kuisikiliza orodha yetu. Jioni ile alipakwa mafuta na kupokea Ekaristi Takatifu, nasi tulirudi nyumbani tukiwa na dhamiri nzito.

Ndugu wapendwa, mafundisho ya Kanisa yako wazi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 222, yatukumbusha kwamba waamini wanao wajibu wa kulitegemeza Kanisa katika mahitaji yake. Wajibu huo haujafutwa. Lakini kanuni ya 848 yamwagiza mhudumu aangalie daima kwamba wahitaji wasikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao, na kanuni ya 1181 yakataza maskini kunyimwa mazishi yanayowastahili.

Tena, maaskofu wa AMECEA walipokutana mwaka 1976 na kutilia mkazo ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, walitaka waamini waishi karibu kiasi cha kujuana na kuchukuliana mizigo, kama walivyofanya Wakristo wa kwanza katika Matendo ya Mitume. Basi, ikiwa jumuiya yajua shilingi anazodaiwa mjane, lakini haijui kwamba hajainuka kitandani, tumejenga nini?

Tulilipeleka jambo hili mbele ya Halmashauri ya Walei. Mzee mmoja, mtu mwaminifu kabisa, alituuliza, "Baba Paroko, orodha ikiondolewa, paa la kigango litakamilika lini?" Swali lake lilikuwa la haki. Baada ya mazungumzo marefu tulikubaliana kwamba majina yasisomwe tena kanisani; mhazini atunze daftari lake kwa siri; asiye na fedha atoe debe la mahindi au siku ya kazi; na viongozi wa jumuiya, kila wanapokutana na katekista, waanze na habari za wagonjwa kabla ya habari za fedha.

Hatutawaficha: mabati bado hayajatosha, na mzee yule hukumbusha kila kikao. Twawasihi mnaojaliwa mtoe kwa moyo, maana mjane hawezi kulibeba paa hilo peke yake. Lakini akina mama wa jumuiya yake walikwenda kumchumia kahawa yake, nao hawakungoja kutumwa na mtu.

Juma hili, kila mmoja wetu ajiulize: ni nani katika jumuiya yangu hajaonekana siku nyingi? Nenda kwake, na usiende na daftari. Na wewe unayedaiwa, ukiugua, tuite mara moja, hata usiku.

Mungu awabariki nyote. Tuombeane.

Wenu katika Kristo,
Paroko